Nani anaamka kwanza kwenye kompyuta yako?

Leo tuzungumzie madaraka ya mstari mmoja. Ukiwasha kompyuta yenye Linux na Windows kwa pamoja, unapewa sekunde chache za kuchagua. Usipogusa kitu, linaamka chaguo-msingi. Je, nani ameliweka?

Miaka ya 1990 kazi hiyo ilikuwa ya LILO, programu ya Werner Almesberger. Uliandika jina la mfumo unaoutaka kwenye faili la /etc/lilo.conf, kisha ukaendesha amri ya lilo. LILO haikujua kusoma mafaili, ilikariri tu mahali kerneli ilipo kwenye diski. Ukibadili kerneli ukasahau ile amri, kompyuta inaweza kugoma kuwaka.

Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza GRUB, akitafuta njia ya kuamsha GNU Hurd. Hii ilisoma mafaili yenyewe. Afadhali! Lakini chaguo-msingi lilikuwa namba, na hesabu ilianzia 0.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Chukua Ubuntu ya miaka ile. Namba 0 na 1 ni kerneli, ya kawaida na ya uokoaji. Namba 2 ni kipimo cha kumbukumbu, 3 ni kichwa cha habari tu, na 4 ni Windows. Umeandika 4, umelala. Kesho inakuja kerneli mpya na mistari yake miwili. Windows inasogea hadi 6, faili bado linasema 4. Ukiwasha, kompyuta inaanza kupima kumbukumbu! Hukuulizwa.

Ndiyo maana zana za kubofya zilipokelewa kwa furaha. SUSE walikuwa na YaST. Watu wa Ubuntu wakapata StartUp-Manager: chagua mfumo kwenye orodha, weka sekunde, funga dirisha. Oktoba 2009 Ubuntu 9.10 ikaja na GRUB 2. Faili la zamani, menu.lst, likaachwa, mipangilio ikahamia /etc/default/grub. Mwaka 2010 Daniel Richter akaanza Grub Customizer, unayoweza kupandisha na kushusha mistari kwa kipanya.

Wapo waliobeza: jifunze amri, acha uvivu. Mimi sikubaliani nao. Linux ilijinadi kwa uhuru, na uhuru unaomtaka mtu ajue kwanza kwamba hesabu inaanzia 0 ni uhuru wa wachache. Dada anayetumia kompyuta moja na wadogo zake ana haki ya kuamua kipi kiwake asubuhi.

Ila tusidanganyane. StartUp-Manager iliachwa na waliokuwa wakiiendeleza, wakati /etc/default/grub bado lipo. Zana hizi zinakuandikia tu mstari ule ule. Basi bofya bila aibu, lakini siku moja fungua faili lile uone nini kimeandikwa kwa jina lako.