Vilima Visivyo na Miti: Shaba ya Katanga kabla ya 1911

Vitabu vingi vya enzi ya ukoloni vyasema kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na Jules Cornet, mjuzi wa miamba kutoka Ubelgiji, mnamo 1892. Neno hilo halifai, ila kwa maana yake ya zamani: kugundua ni pia kumfumania mtu asiyetazamia. Huko Cornet alikuta mashimo ambayo wenyeji walikwisha kuyachimba.

Wenyeji hao waliongozwa na ardhi yenyewe. Udongo wenye shaba nyingi huidhuru miti. Kwa hiyo katikati ya msitu wa miombo husimama vilima vitupu, vyenye majani na mimea michache inayostahimili madini. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, Wasanga na Wayeke walichimba malakiti, lile jiwe la kijani. Waliliyeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakaimimina shaba katika kalibu, nyingine zikiwa na umbo la msalaba. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa makaburini huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, na mingine ina umri wa miaka mia kadhaa.

Union Minière, iliyoundwa 1906, ilitoa shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Mawe yalitoka Kalukuluku. Hata jina halikusalimika: mgodi huo uliandikwa Étoile.