Habari za Wembe na Kunyoa Ndevu

Wazee wetu wamesema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Maana ya methali hiyo kila mtu aijua: jambo limpatalo mwenzio leo, kesho laweza kukufika wewe, basi jiweke tayari. Lakini methali yenyewe imejengwa juu ya kazi ya kweli, nayo yatuonyesha kwamba wahenga waliijua vizuri siri ya kinyozi, kuwa nywele hazinyolewi kavu. Unywele ukinywa maji huvimba na kulainika, na wembe hupita bila kuuvuta. Ukiwa mkavu hushindana na chuma, na mwenye kuumia ni ngozi. Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za wembe, jinsi ulivyotoka katika mikono ya mafundi wachache hata ukafika katika mkono wa kila mtu, na yale yaliyopatikana na yaliyopotea katika safari hiyo.

Tuanze na Misri ya kale. Nyembe za shaba zimefukuliwa katika makaburi ya nchi hiyo, zimewekwa pamoja na vyombo vingine vya maiti, kana kwamba hata katika maisha ya pili mtu hakutaka kuwa na nywele zisizotunzwa. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Misri yapata miaka 2,400 iliyopita, asema kwamba makuhani wa huko walinyoa mwili wote, ili chawa wasipate mahali pa kukaa hali wao wakitumikia miungu yao. Basi tangu hapo zamani wembe ulikuwa chombo cha usafi na cha ibada.

Katika mji wa Rumi kunyolewa ndevu kwa mara ya kwanza kulikuwa siku kuu ya kijana, kwani ndiyo alama ya kuingia utu uzima. Ndevu zile za kwanza hazikutupwa, bali zilitolewa wakfu kwa miungu. Kaisari Nero aliziweka zake katika kijaluba cha dhahabu kilichopambwa kwa lulu. Hata hivyo desturi za watu hazikai mahali pamoja. Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka 117 hata 138, alifuga ndevu, na baada yake wengi wakafuata mfano wake.

Wakati mwingine jambo la ndevu liliingia katika amri za wafalme. Plutarch asimulia kuwa Alexander Mkuu aliwaamuru askari wake wanyoe, ili adui asipate mahali pa kuwashika vitani. Naye Peter Mkuu wa Urusi, aliporudi kutoka safari ya Ulaya mwaka 1698, aliwakata ndevu wakubwa wa nchi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1705 alitoa amri kwamba atakaye kubaki na ndevu na alipe kodi. Mwenye kulipa alipewa kipande cha shaba mfano wa sarafu, awe nacho kama cheti. Kwa Warusi wengi hilo lilikuwa jambo zito, kwa kuwa waliamini kuwa ndevu ni sehemu ya dini yao. Hapo twaona ya kwamba kumshika mtu kidevu ni kumshika heshima yake.

Sasa tutazame chombo chenyewe. Katika karne ya 18 mafundi wa mji wa Sheffield, Uingereza, walipata njia ya kuyeyusha pua safi katika vyungu, nayo ikafaa sana kwa nyembe. Wembe wa siku hizo ulikuwa mrefu, wenye kukunjwa ndani ya mpini wake. Kabla ya kazi ulipitishwa juu ya ukanda wa ngozi, na mara kwa mara ulinolewa kwa kinoo. Mwenye kuutumia alilowesha uso kwa maji ya moto, akapaka povu la sabuni kwa brashi, akavuta ngozi kwa mkono mmoja na kuongoza makali kwa mkono wa pili. Kosa dogo lilitoa damu. Kwa hiyo wengi hawakuthubutu, wakamwendea kinyozi. Wembe mzuri ulidumu miaka mingi, na baba aliweza kumwachia mwanawe. Matajiri wengine walinunua nyembe saba katika sanduku moja, kila siku na wembe wake.

Waswahili husema kuwa kinyozi hajinyoi. Na kwa kweli hata asiye kinyozi ilimwia vigumu kujinyoa. Mfaransa mmoja, Jean-Jacques Perret, aliandika kitabu cha kuwafundisha watu kujinyoa wenyewe, kikatoka mwaka 1769. Yeye alifikiri kuuwekea wembe kinga ya mti, ili makali yasizame katika ngozi. Hilo ndilo wazo la wembe wa salama.

Wazo hilo lilikamilishwa Marekani na King Camp Gillette, mwuzaji wa vifuniko vya chupa. Mwaka 1895 alikuwa akinyoa, akaona wembe wake umekuwa butu. Akawaza: kwa nini tunoe kipande kikubwa cha chuma, hali kinachofanya kazi ni ncha yake tu? Afadhali kutengeneza kijembe chembamba, kikiwa butu kitupwe. Mafundi walimwambia kuwa pua nyembamba namna hiyo haiwezi kutiwa makali. Lakini mhandisi William Nickerson aliiweza. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, walipata wanunuzi wa nyembe 51 tu. Kisha ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake nyembe milioni 3 na nusu pamoja na vijembe milioni 32, na vijana wale waliporudi makwao walirudi na desturi ya kujinyoa.

Walakini kila faida ina hatari yake. Katika vita hiyohiyo askari kadhaa wa Uingereza na Marekani walipatwa na ugonjwa wa kimeta, na wengine wakafa. Wachunguzi waliufuata ugonjwa ule hata wakauona katika brashi za kunyolea, zilizotengenezwa kwa nywele za wanyama zisizosafishwa. Wembe ulikuwa hauna kosa. Povu ndilo lililobeba mauti.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wembe una heshima zake za zamani. Waislamu humnyoa mtoto siku ya saba, na mahujaji hunyoa kichwa wamalizapo ibada. Kwa Wamasai, katika sherehe ya eunoto, mama humnyoa mwanawe nywele ndefu za umorani, na kijana huanza njia ya uzee. Kijembe chembamba kilipoenea madukani, jina la wembe nalo likahamia kwake. Mwaka 1975 ilitokea aina ya plastiki, itupwayo pamoja na mpini wake, na sasa vijana wengi hawajui ukanda wa ngozi ni kitu gani.

Jambo moja tu halikubadilika, nalo ni damu. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yaweza kubaki katika makali, na homa ya ini ikapita kutoka kwa mtu mmoja hata mwingine. Ugonjwa wa UKIMWI ulipojulikana mwaka 1981 na kisha kuenea katika nchi zetu, watu walihimizwa wasichangie nyembe, nao waliotii walifanya vema. Zamani baba alimwachia mwanawe wembe wake, na hiyo ilikuwa alama ya upendo. Leo upendo huohuo wamtaka baba ampe mwanawe wembe mpya, na amfundishe yale ambayo hayazeeki: maji ya moto, povu la kutosha, mkono mwepesi na subira. Na yeyote aketiye katika kiti cha kinyozi asione haya kuuliza, "Wembe huu ni mpya?" Kinyozi mwema hatakasirika.