Sharti Lisiloonekana: Historia ya Matini Yenye Masharti katika Nyaraka za Forodha za Mpaka wa Busia na Tororo

1. Utangulizi

Nagongera ni mji mdogo wa Wilaya ya Tororo, kwenye njia ya reli iendayo Jinja. Upande mmja wake kuna mashamba ya mpunga ya Butaleja, ukiwemo mradi wa Doho ulioanzishwa katika miaka ya 1970. Upande wa pili kuna vituo vya mpaka vya Malaba na Busia. Mchele unaotoka mashamba hayo kwenda Kenya hukutana mpakani na maofisa, mizani na maghala. Kabla ya hayo yote hukutana na matini: kitabu cha viwango vya ushuru.

Kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinasema kuwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya utozwe asilimia 75 ya thamani yake au dola 345 za Marekani kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Kauli hizi mbili ni sheria kwa wakati mmoja. Ipi inamhusu msomaji hutegemea nchi na mwaka. Maandishi ya namna hii, ambayo sehemu yake hutumika au haitumiki kulingana na hali iliyotajwa, ndiyo yanayoitwa hapa matini yenye masharti.

Makala hii inajenga hoja moja. Tangu mwanzo wa karne ya 20, forodha ya Afrika Mashariki imekuwa na matini ya pamoja iliyobeba masharti ya nchi mbalimbali. Pale alama ya sharti ilipobaki ndani ya maandishi yenyewe, wahakiki waliweza kuliona na kulijadili. Pale ilipotolewa nje ya maandishi, sharti liliendelea kufanya kazi, lakini mjadala wake ulibaki kwa wachache.

2. Sharti la ndani na sharti la nje

Ni muhimu kutenganisha aina mbili za masharti. Sharti la ndani hutamkwa na sentensi yenyewe. Kiswahili kina nyenzo nyingi za kulibeba: “iwapo”, “isipokuwa”, “endapo”, na kiambishi -ki- kama katika “bidhaa ikitoka Uganda”. Kila msomaji hulisoma. Sharti la nje halimo katika sentensi. Huamua kama sentensi itachapishwa katika toleo fulani au itafichwa. Msomaji wa toleo la mwisho hana njia ya kujua kuwa lilikuwapo.

Sharti la nje lilikua pamoja na uandishi wa nyaraka za kiufundi kwa kompyuta. Kiwango cha kimataifa ISO 8879 cha mwaka 1986 kiliruhusu kipande cha matini kifungwe kwa alama na kuamriwa kijumuishwe au kipuuzwe. Programu ya FrameMaker ilimwezesha mwandishi kulipa kila sharti jina na rangi yake, kisha kulionyesha au kulificha. Mfumo wa DITA, uliobuniwa katika kampuni ya IBM na kupitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango mwaka 2005, uliweka sharti kama sifa ya kipengele cha matini, na kuruhusu sifa hiyo ichuje maandishi au iyawekee alama tu. Faida ilikuwa dhahiri: mwongozo mmoja ungeweza kuzaa matoleo mengi bila kuandikwa upya.

Tatizo lilibaki kwa mhakiki. Akipewa toleo lililokwisha kuchujwa, huhakiki nusu ya kazi, kwa kuwa haoni maandishi waliyopewa wengine. Akipewa nakala yenye rangi, kisha nakala hiyo ikapigwa fotokopi, rangi zote huwa nyeusi na masharti yote huonekana kuwa kauli moja yenye kujipinga. Kutokana na hayo, alama inayofaa kwa uhakiki ina sifa tatu: hutaja jina la sharti kwa maneno, huonyesha linapoanzia na linapoishia, na hudumu nakala inapopitia mikono na mashine nyingi. Waandishi wa mikataba wana desturi ya kale inayokaribia sifa hizo, nayo ni mabano ya mraba yanayozingira maneno ambayo bado hayajakubaliwa na pande zote.

3. Matini moja, nchi kadhaa: 1902 hadi 2010

Mpaka unaopita Busia na Malaba haukuwa hapo ulipo tangu mwanzo. Tarehe 1 Aprili 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mpaka ukasogea magharibi. Mwaka 1917 idara za forodha za nchi hizo mbili ziliunganishwa, na Tanganyika ikaingizwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Kuanzia hapo ulizuka mtindo uliodumu: kuandika kanuni moja, kisha kuamua kila mara ni wapi nchi zitatofautiana.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala mwaka 1967, uliliweka sharti waziwazi. Uliruhusu kodi ya uhamisho, yaani nchi yenye nakisi katika biashara ya bidhaa za viwandani na majirani zake ingeweza kutoza bidhaa hizo zinapoingia kutoka kwao. Hili lilikuwa sharti la ndani. Aliyeusoma mkataba aliweza kuona nani anaruhusiwa, dhidi ya nani, na kwa sababu gani. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu nyingi, lakini ugomvi juu ya mgawanyo wa faida haukufichwa na maandishi yake.

Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyotiwa saini mwezi Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005, ilifuata njia hiyo hiyo. Bidhaa za Uganda ziliingia Kenya bila ushuru. Baadhi ya bidhaa za Kenya zilizoingia Uganda zilitozwa asilimia 10 mwaka wa kwanza, kisha 8, 6, 4 na 2, hadi sifuri mwaka 2010. Katika mpaka wa Busia, bidhaa ya aina moja iliweza kutozwa ikielekea magharibi na kusamehewa ikielekea mashariki. Upande, aina ya bidhaa na mwaka vyote vilitajwa katika matini. Kila mhakiki aliyepewa Itifaki alipewa masharti yake pia, pamoja na tarehe ya kufa kwake.

4. Alama iliyobaki na alama iliyohama

Kitabu cha ushuru kilichofuata Itifaki kinatoa mfano mzuri wa alama inayodumu. Kwa bidhaa nyeti kama mchele, mahindi, sukari na maziwa, safu ya kiwango haina tarakimu; ina herufi SI, zinazompeleka msomaji kwenye jedwali la pili. Alama hiyo ni fupi, haitegemei rangi, na haipotei katika fotokopi. Inamwambia mhakiki asimame, kwa kuwa kauli kamili ipo mahali pengine.

Usitishaji wa matumizi ya kiwango haukupewa alama ya aina hiyo. Kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, Gazeti la Jumuiya hutangaza nchi zilizoruhusiwa kutoza kiwango tofauti, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Mstari wa kitabu unaohusika hubaki ulivyo. Anayefungua kitabu peke yake haoni kuwa mstari huo umesitishwa, na anayesoma Gazeti peke yake haoni kiwango kilichosimamishwa isipokuwa limtajie.

Uzito wa jambo hili waweza kupimwa kwa hesabu. Chukua mchele wa kigeni wenye thamani ya dola 400 kwa tani. Kwa mujibu wa kitabu, asilimia 75 ni dola 300, hivyo hutumika kiwango kikubwa zaidi cha dola 345. Kwa mujibu wa usitishaji wa Kenya, asilimia 35 ni dola 140, hivyo hutumika dola 200. Tofauti ni dola 145 kwa tani. Mchele wa Butaleja huingia Kenya bila ushuru huo ukiwa na uthibitisho wa asili yake, lakini huko sokoni hushindana na mchele wa kigeni uliolipiwa dola 200. Mshauri wa sera aliyehakiki kitabu pekee atadhani mkulima wa Doho analindwa na ukuta wa dola 345. Ushauri wake utakuwa sahihi kwa maandishi aliyoyasoma na potofu kwa soko lililopo.

5. Chumba kimoja, sheria mbili

Sheria ya Jumuiya ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya mwaka 2016, na uzinduzi wa kituo cha Busia uliofanywa na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018, viliongeza sharti jingine: mahali. Msafiri aendaye Uganda hukamilisha taratibu za kutoka Kenya na za kuingia Uganda upande wa Uganda. Ofisa wa Kenya hufanya kazi katika ardhi ya Uganda, ndani ya eneo la udhibiti, akitekeleza sheria za nchi yake. Mwongozo wowote wa kazi wa kituo kama hiki lazima uwe na aya za ofisa wa Kenya, aya za ofisa wa Uganda, na aya za wote wawili. Iwapo kila upande utahakiki toleo lake tu, mgongano kati ya aya hizo utagunduliwa kaunta, mbele ya mwenye mzigo.

Jumuiya iliyoanza na nchi tatu sasa ina nchi nane. Idadi ya masharti katika maandishi yake imeongezeka, na haja ya alama zinazosomeka imeongezeka pamoja nayo.

6. Nafasi ya Kiswahili

Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kuifanyia kazi hadhi hiyo. Nyaraka za mpakani zitazidi kutafsiriwa. Mtafsiri akipokea toleo lililochujwa, atatoa Kiswahili fasaha cha maandishi pungufu, na mhakiki wa tafsiri hatakuwa na cha kulinganisha.

Utaratibu rahisi unawezekana, nao hauhitaji programu ya gharama. Rasimu ya uhakiki iandikwe hivi: “Mchele utatozwa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kipi ni kikubwa. [KENYA, hadi 30 Juni: asilimia 35 au dola 200 kwa tani, kipi ni kikubwa. MWISHO WA KENYA]”. Jina la nchi, ukomo wa muda na mipaka ya kauli vyote vimo. Nakala hii inaweza kupigwa chapa, kutumwa kwa simu au kusomwa kwa sauti kikaoni bila sharti kupotea. Mwanzoni mwa rasimu liwekwe jedwali la masharti yote yaliyotumika, ili mhakiki aweze kuhakikisha kuwa hakuna nchi iliyosahauliwa.

7. Hitimisho

Mikataba ya 1967 na 2004 ilikuwa na masharti mazito kuliko mengi ya leo, lakini iliyataja ndani ya maandishi, na kwa hiyo yalibishaniwa na wote waliohusika. Usitishaji wa kila mwaka ni halali na una sababu zake, ila alama yake imehama kutoka kitabuni. Kuirudisha ni kazi ya uhariri kabla ya kuwa kazi ya siasa. Inaweza kuanza na rasimu ijayo itakayopelekwa kwa wahakiki, kwa kuwapa wote nakala moja yenye matawi yote ya matini, kila tawi likiwa na jina lake.