Donge la plastiki tumboni mwa mifugo

Donge la plastiki ni mkusanyiko wa mifuko, kamba na nyuzi za nailoni zilizomezwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia zikashikamana tumboni. Ni aina ya bezoari, yaani donge la vitu visivyomeng'enyeka. Kwa binadamu bezoari hutokana zaidi na nywele zilizomezwa au nyuzinyuzi za matunda na mboga.

Mnyama anayecheua huweka malisho katika tumbo la kwanza, huyarudisha mdomoni kuyatafuna upya, na huyaruhusu kusonga mbele yakishakuwa laini. Rambo, yaani mfuko wa plastiki, hailainiki. Hubaki humo, nyingine zikajisokota juu yake, kamba ikazifunga, chumvi na majani yakagandia mpaka donge likawa gumu. Mnyama hujihisi ameshiba na kuacha kula. Maziwa hupungua, ubavu wa kushoto huvimba mara kwa mara, cheuo hupotea, mbavu huanza kuhesabika. Ni kifo cha njaa, tena cha polepole, tumbo likiwa limejaa. Kwa kuwa dalili hizi ni za maradhi mengi, mara nyingi donge huonekana machinjioni tu.

Walio hatarini zaidi ni mifugo wanaojitafutia riziki majalalani na sokoni, hasa kiangazi. Mfuko uliofungiwa maganda ya ndizi au makombo ya ugali hunukia chakula, na ng'ombe huuzoa mzima kwa ulimi. Hana namna ya kuchambua kama mbuzi. Hata hivyo mbuzi naye hasalimiki.

Huko Dubai, daktari wa mifugo Ulrich Wernery na wenzake walikuta madonge haya katika ngamia zaidi ya 300 tangu 2008. Moja lilikuwa na uzito wa karibu kilo 64.

Hakuna dawa ya kuyeyusha plastiki. Daktari humchoma mnyama ganzi akiwa amesimama, hupasua ubavu wa kushoto, kisha huingiza mkono na kuvuta uchafu huo kipande kwa kipande. Upasuaji huo ni ghali kwa mfugaji mdogo.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019. Marufuku hayo yalilenga hasa mifuko ya kubebea. Kamba za nailoni na vifungashio vingi bado vinatupwa ovyo, na mifugo bado wanavimeza.