Kasi ya Picha na Ulaini wa Mwendo: Sinema ya Vugiri na Hukumu juu ya Macho ya Watazamaji wa Jimbo la Tanga, 1935–1955

1.0 Utangulizi

Mnamo Machi 1935, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, ulianza mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika jimbo lile lile la Tanga ambalo ukanda wake wa pwani, kuanzia Tanga mjini kupitia Tongoni na Kigombe hadi Pangani, ulikuwa umeenea mashamba ya mkonge. Mradi huo ulitengeneza filamu za kuelimisha, ukazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, kisha ukafungwa mwaka 1937. Mara nyingi mradi huu hujadiliwa kwa kuzingatia siasa za ukoloni na elimu ya watu wazima. Makala haya yanauchunguza kwa kuanzia kwenye mtambo wenyewe: idadi ya picha zilizopita mbele ya taa ya projekta kwa kila sekunde, na tofauti iliyopo kati ya idadi hiyo na ulaini wa mwendo anaouona mtazamaji.

Hoja ya msingi ni kwamba mambo hayo mawili si kitu kimoja. Wataalamu wa sinema ya kikoloni hawakuyatenganisha ipasavyo walipowahukumu watazamaji wao. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya kasoro ambazo zingeweza kutafutwa katika mota, taa na santuri zilitafutwa katika akili ya Mwafrika. Kigombe, kijiji cha wavuvi kinachopakana na mashamba ya mkonge, kinatumika hapa kama mfano wa jamii iliyokusudiwa na sinema hiyo, wala si kama kituo cha maonyesho.

2.0 Dhana mbili zinazochanganywa

Filamu ni mfululizo wa picha zilizosimama. Projekta huisogeza picha, huisimamisha mbele ya taa, kisha huleta nyingine. Wakati wa kusogeza, kisahani kinachozunguka huziba mwanga ili mtazamaji asione mvutano wa utepe. Katika enzi ya sinema isiyo na sauti, kasi iliyotajwa kuwa ya kawaida kwa filamu ya milimita 16 ilikuwa picha 16 kwa sekunde. Sauti ilipoingia katika sinema ya kibiashara, hasa baada ya mfumo wa Vitaphone wa mwaka 1926, kasi ya picha 24 kwa sekunde ndiyo iliyokubalika.

Ingedhaniwa kuwa filamu ya picha 16 humetameta kuliko ya picha 24. Sivyo ilivyo lazima. Kisahani chenye mabawa matatu huikata kila picha mara tatu, hivyo picha 16 huleta mimweko 48 kwa sekunde. Kisahani chenye mabawa mawili huikata kila picha mara mbili, na picha 24 huleta mimweko 48 vilevile. Kwa upande wa kumetameta, jicho hupokea idadi ileile. Tofauti hujitokeza katika mwendo. Pigo la jembe linalochukua nusu sekunde hugawanywa katika picha nane kwa kasi ya kwanza na picha kumi na mbili kwa kasi ya pili. Mkono uendao kasi huonekana ukiruka, na kamera ikigeuzwa haraka kuelekea upande mwingine mandhari yote hutetemeka.

Kuna jambo la tatu, nalo ni usawa wa vipindi. Picha 24 zinazopita kwa vipindi vilivyolingana huonekana laini. Picha 24 ambazo baadhi zimecheleweshwa na nyingine zimeharakishwa huonekana zikigugumia, ijapokuwa hesabu ya sekunde nzima haikubadilika. Wanaorusha ndege za kuigiza kwenye kompyuta za nyumbani wanaijua tofauti hii vizuri. Mtambo unaotoa picha 30 kwa sekunde, kila moja ikikaa takriban milisekunde 33, huweza kumridhisha rubani huyo wa nyumbani kuliko unaotoa wastani wa picha 60 kwa vipindi visivyolingana, kwa sababu upeo wa macho hukwama kila anapoinamisha bawa. Wastani huficha kile ambacho jicho hukiona.

Kwa hiyo ulaini ni zao la mambo kadhaa kwa pamoja: idadi ya picha, idadi ya mimweko, usawa wa vipindi na ukali wa mwanga. Jicho huona kumetameta zaidi mwanga unapokuwa mkali. Pazia lililofifia uwanjani usiku lingeweza kuonekana tulivu zaidi, lakini papo hapo likapoteza maelezo ya picha kama vile kovu, jani au mdudu.

3.0 Vugiri na uchumi wa utepe

Mradi wa Vugiri uliongozwa kiutendaji na L. A. Notcutt, ambaye awali alikuwa meneja wa shamba la mkonge Afrika Mashariki. Mwenzake, G. C. Latham, alikuwa amesimamia elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York kupitia Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ambako J. Merle Davis aliongoza idara ya utafiti wa jamii na viwanda. Usuli wa Notcutt una uzito katika mjadala huu. Aliamini kwamba sinema ingesaidia kuwafanya wafanyakazi wa mashamba waridhike na maisha ya kambini. Mtazamaji aliyefikiriwa tangu mwanzo alifanana sana na manamba wa pwani ya Tanga: mtu aliyetoka bara, akaishi kambini na wenzake wa lugha nyingi, na kulipwa kwa kazi ya kukata majani ya mkonge.

Filamu zilipigwa kwa utepe wa milimita 16, ambao ulikuwa rahisi kubeba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35 uliotumika katika majumba ya sinema. Hapa ndipo kasi ya picha inapogeuka kuwa suala la fedha. Utepe wa milimita 16 una picha 40 katika kila futi moja, kwa hiyo gurudumu la futi 400 lina picha 16,000. Kwa kasi ya picha 16, gurudumu hilo huchukua takriban dakika 16 na sekunde 40. Kwa kasi ya picha 24, huisha katika muda wa takriban dakika 11 na sekunde 7. Anayechagua kasi kubwa hununua ulaini wa mwendo kwa theluthi moja ya muda wa somo. Kwa mradi wenye fedha za miaka miwili tu, kila futi ilikuwa na maana.

Filamu hizo zilihusu benki ya akiba ya posta, kodi, ngozi, chai, mmomonyoko wa udongo, safura na malaria ya watoto. Waafrika waliigiza na kufanya kazi za kiufundi. Hata hivyo, filamu zilipoonekana Uingereza, zilikosolewa kwa udhaifu wa ufundi.

4.0 Sauti iliyofuata nyuma ya picha

Uamuzi wa kiufundi uliouathiri mradi kuliko mingine ulikuwa kuiweka sauti kwenye sahani za santuri badala ya kwenye utepe. Sababu zake zilikuwa za msingi. Filamu moja ingeweza kuandamana na santuri ya Kiswahili katika eneo moja na ya Kikuyu, Kiganda au Kibemba katika eneo jingine, bila kuchapisha upya nakala ya picha. Katika nchi zenye lugha nyingi, huo ulikuwa ubunifu wa maana.

Gharama yake ilikuwa katika ulinganifu. Projekta na santuri ni mitambo miwili, na kila mmoja una mwendo wake. Chukua filamu ya dakika kumi kwa kasi ya picha 24, yaani picha 14,400. Umeme wa jenereta ukilegea na projekta ikashuka hadi picha 23, filamu hiyo itachukua sekunde 626. Santuri ikiendelea na mwendo wake wa kawaida, mwisho wa filamu maneno yatakuwa yametangulia picha kwa sekunde 26. Kupungua kwa picha moja tu kwa sekunde, ambako jicho haliwezi kukutambua, kunatosha kuifanya sauti izungumzie kidonda ilhali pazia bado linaonyesha choo. Hollywood yenyewe ilikuwa imeshauacha mfumo wa santuri mwanzoni mwa miaka ya 1930.

5.0 Kutoka kasoro ya mtambo hadi kasoro ya mtazamaji

Mwaka 1937 Notcutt na Latham walichapisha taarifa yao, The African and the Cinema. Fedha za Carnegie zilikuwa zimekwisha, na serikali za Afrika Mashariki hazikukubali kuugharimia mradi. Miaka miwili baadaye Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nijeria. Katika maandishi yake ya mwaka 1941 na baadaye, Sellers alisisitiza kuwa watazamaji wa vijijini walihitaji mwendo wa polepole, mikato michache, mfuatano kamili wa matendo, na kamera isiyofanya mbinu.

Ushauri huo una sehemu ya ufundi yenye mantiki. Kamera iliyotulia na mkono unaokwenda polepole hupunguza mtetemo wa filamu yenye picha chache kwa sekunde. Mpiga picha yeyote, popote, angefundishwa hivyo. Tatizo ni sababu iliyotolewa. Kanuni iliyotosha kuelezwa kwa udhaifu wa utepe ilielezwa kwa udhaifu wa akili.

Gurudumu ni mfano unaoonyesha wazi mkanganyiko huo. Gurudumu linalozunguka likipigwa picha, huweza kuonekana limesimama au likirudi nyuma, kwa kuwa kila picha hulikuta karibu na pale ambapo picha iliyotangulia ililiacha. Mfanyakazi wa korona, ambaye siku nzima hutazama ngoma ya mtambo ikisaga majani ya mkonge, akiona kwenye pazia gurudumu linalorudi nyuma na kusema hivyo, amesema kweli kuhusu picha aliyoonyeshwa. Mtu aliyezoea sinema hulisahihisha kosa hilo kimyakimya. Kumwita wa kwanza mjinga na wa pili mwerevu ni kupima mazoea na kuyaita akili.

Ushahidi dhidi ya nadharia hiyo ulikuwepo mapema. Mwaka 1929 Julian Huxley alipeleka filamu Afrika Mashariki ili kujaribu namna zilivyopokewa, naye akaridhika kwamba watazamaji walizielewa. Utafiti wa Peter Morton-Williams kuhusu sinema vijijini Nijeria, uliochapishwa mwaka 1953, ulionyesha kuwa uelewa ulitegemea kwa kiasi kikubwa ukaribu wa mada na maisha ya watazamaji. Colonial Film Unit ilifungwa mwaka 1955, lakini dhana ya mtazamaji asiyeweza kwenda na kasi ya picha ilidumu zaidi ya kitengo chenyewe.

6.0 Mkalimani kama kirekebisha mwendo

Katika maonyesho ya magari ya sinema, suluhisho la tatizo la santuri lilikuwa mtu. Filamu iliendeshwa bila sauti, na mkalimani mwenye kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya hapo. Alingoja picha ilipochelewa, aliharakisha ilipotangulia, na alirudia neno aliposikia mnong'ono wa kutoelewa. Santuri haiwezi kufanya hivyo. Wakoloni waliona kazi hiyo kama tafsiri, lakini kwa mtazamo wa makala haya ilikuwa pia kazi ya kiufundi, kwani mkalimani ndiye aliyetoa ulinganifu ambao mota na sahani zilishindwa kuutoa. Baadaye kidogo, katika filamu za Kiswahili za miaka ya 1950 kama Muhogomchungu, ambayo Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza, mazungumzo yenyewe yalisikika kwa lugha ya watazamaji.

7.0 Hitimisho

Historia ya Vugiri inaonyesha kuwa namba moja, picha kwa sekunde, haitoshi kueleza kile ambacho mtu ameona. Mvuvi wa Kigombe anayesoma mkondo wa maji na mtikisiko wa tanga hakupungukiwa na uwezo wa kufuata mwendo. Wala mkata mkonge anayehesabu majani kwa mafungu hakupungukiwa na uwezo wa kufuata mfuatano. Kumbukumbu za kikoloni zinapoandika kwamba watazamaji hawakuelewa, mtafiti anapaswa kuuliza kwanza projekta ilikwenda kwa kasi gani, umeme ulikuwa thabiti kiasi gani, sauti ilikuwa wapi picha ilipofika, na nani alikuwa ameshika kipaza sauti. Bila maswali hayo, kumbukumbu hizo zitaendelea kusomwa kama ushahidi juu ya Waafrika, ilhali kwa sehemu kubwa ni ushahidi juu ya mitambo na juu ya watu walioiamini mno.