Gauni zilipopunguzwa, wafungwa wakatoka

Bibi harusi akija dukani kwetu akitaka gauni lenye vizingo vya kulitanua chini, tunamuuliza kwanza: mlango wa ukumbi una upana gani? Hucheka. Lakini zamani swali hilo liliwagusa watu waliokuwa jela.

Mjini Dublin, Ireland, aliyeshindwa kulipa deni alifungwa, na akiwa ndani atachuma wapi? Deni linabaki palepale. Palikuwa na chama cha wapenda muziki, watu wasioishi kwa kazi hiyo, waliofanya maonyesho ili kuchanga fedha za kuwatoa wafungwa wa namna hiyo. Tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa mtaa wa Fishamble, ikapigwa kwa mara ya kwanza kazi ya Handel iitwayo Messiah, ya dini ya Kikristo. Mapato yalikuwa ya wafungwa hao na hospitali mbili.

Watu walitarajiwa kuwa wengi, basi wanawake wakaombwa gazetini waje bila vizingo, na wanaume bila panga. Panga unaitundika tu nyumbani. Ila sisi mafundi tunajua: gauni lililokatwa kwa vizingo, ukivitoa, pindo linaburura chini na kiuno kinakaa ovyo. Na hapo ndipo mahali pa kuonekana!

Waliingia watu kama 700, ukumbi ukiwa wa 600. Wafungwa 142 wakalipiwa madeni, wakarudi kwao.