Mrushaji Mwenye Kasi Kuliko Wote: Mabishano ya Karne Nzima katika Besiboli

Tangu mwaka 1893, mrushaji wa besiboli husimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao anapongojea mpigaji na gongo lake. Mpira unaokwenda kilomita 160 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, na katika muda huo ni lazima auone, aamue, na azungushe gongo. Ndiyo maana mashabiki wa Marekani, kizazi baada ya kizazi, wameshindwa kukubaliana nani aliyerusha kwa kasi kuliko wote.

Kipimo mashuhuri cha awali kilifanyika mwaka 1912. Walter Johnson wa Washington alipelekwa kwenye kiwanda cha silaha cha Remington huko Bridgeport, Connecticut, palipokuwa na mitambo ya kupimia mwendo wa risasi. Mpira wake ulipatikana kuwa na kasi ya futi 122 kwa sekunde, yaani kilomita 134 kwa saa. Namba hiyo leo inaonekana ndogo mno kwa mtu aliyewatia hofu wapigaji wa zama zake, lakini ina maelezo: mtambo uliupima mpira ukiwa umekwisha kumaliza safari yake. Hewa huupunguzia mpira karibu sehemu moja ya kumi ya kasi yake kabla haujafika kwa mpigaji. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mabishano yote, kwa sababu kila zama zilipima mahali pake.

Bob Feller wa Cleveland alipimwa mwaka 1946 katika uwanja wa Griffith, Washington, kwa kifaa cha jeshi kilichowekwa kwenye kibao cha mpigaji. Alipata karibu kilomita 159 kwa saa. Miaka 6 kabla, mjini Chicago, mpira wake ulikuwa umeshindanishwa na pikipiki iliyokuwa ikienda mbio, nao ukaishinda.

Wako ambao namba haziwatendei haki hata kidogo. Smokey Joe Williams alicheza maisha yake yote katika ligi za Weusi, kwa kuwa ligi kuu zilimfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Katika kura ya gazeti la Pittsburgh Courier ya mwaka 1952, alimshinda Satchel Paige kwa kura moja kama mrushaji bora wa ligi hizo. Paige mwenyewe aliingia ligi kuu mwaka 1948, akiwa na miaka 42, nguvu za ujana zikiwa zimekwisha kumwacha. Orodha yoyote ya wenye kasi isiyowataja hawa wawili ina pengo lililotokana na dhuluma.

Steve Dalkowski naye hakufika ligi kuu, ingawa sababu zake zilikuwa nyingine. Kasi yake katika ligi ndogo ilisimuliwa kama ajabu, lakini hakuweza kuuelekeza mpira apendako. Alipopimwa kwenye kambi ya jeshi ya Aberdeen mwaka 1958, alirusha akiwa uwanda tambarare, bila kile kilima ambacho mrushaji hukikanyaga mechini, akapata takriban kilomita 150. Mwaka 1963, alipokuwa karibu kupandishwa, kiwiko chake kikaumia.

Mwaka 1974 wahandisi wa Rockwell walimpima Nolan Ryan katikati ya mechi halisi, jambo lililokuwa hatua kubwa. Walipata maili 100.9, yaani kilomita 162.4 kwa saa, mpira ukiwa umebakiza mita chache tu kufika. Muda mfupi baadaye rada za mkononi, zilizotokana na zile za polisi wa barabarani, zikaenea viwanjani. Hata hizo zilitofautiana: zilizosoma mpira karibu na mkono zilitoa namba kubwa kuliko zilizousoma karibu na kibao.

Mitambo ya sasa huchukua kasi mara mpira unapotoka mkononi. Kwa kipimo hicho, Aroldis Chapman, mzaliwa wa Kuba, anashikilia rekodi ya ligi kuu: maili 105.8, sawa na kilomita 170.3 kwa saa, aliyoiweka akiichezea Cincinnati tarehe 24 Septemba 2010 mjini San Diego. Filamu ya Fastball ilizirudia hesabu za zamani kwa kuzirudisha zote mkononi. Johnson akapewa takriban kilomita 151, Feller 173, na Ryan 174. Kwa kasi iliyopimwa moja kwa moja, Chapman hana mpinzani. Kwa kasi iliyokokotolewa, hoja ya Ryan ndiyo yenye nguvu zaidi.